Lazima Ikufe Mbele Yangu

Sisi wote tulimwita Fundi. Majina alikuwa nayo, la nyumbani na la ubatizo, na mimi nayajua yote mawili, lakini siyatoi. Na nasema mapema, ili mtu asinikatize katikati kuniuliza: ndiyo, nilimpenda. Nilimpenda miaka mingi nikiwa nimekaa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono, na sikuunyoosha.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza radio. Chumba chake cha kazi kilikuwa kwetu cité, mtaa wa watu weusi, hapa Kisangani, zamani zile wazungu wakiuita mji Stanleyville na sisi tukiuita kama tulivyouita siku zote. Mimi nilikuwa napika lituma nje ya ukuta wake, kwa meza yenye kivuli cha mabati: makemba, zile ndizi za kupika, yaliyochemshwa yakatwangwa, na samaki wa mchuzi pembeni. Mume wangu alikuwa amekufa, mtoto sikujaliwa, na watu waliniita Mama Lituma. Yeye naye alikuwa amemzika mke wake. Umeme ulikuwa umetufikia si zamani, na kila mwanamume aliyepata kazi Makiso, kwa wazungu, alitaka radio ndani ya nyumba kabla hata ya kitanda cha wageni. Zilikuwa masanduku ya mbao, mazito, na ndani yake mna lampi, yaani vile vioo vidogo vinavyowaka na kupata moto ndipo sauti itoke. Na zilikuwa zinaharibika, ee Mungu wangu! Leo inaimba, kesho inanyamaza katikati ya neno, keshokutwa inaimba tena kana kwamba haikufanya kitu.

Mafundi wengine ukiwapelekea radio ya namna hiyo wanaifungua palepale. Wanatoa hiki, wanaweka kile, wanakwambia nenda. Yeye hapana. Aliiweka mezani, akaiwasha, akavuta kiti, akakaa.

"Fundi, hauifungue?"

"Nifungue nini? Iko inaimba. Lazima ikufe mbele yangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na haikuwa na mlango wa nyuma. Radio ambayo haijakufa mbele yake haigusi kwa bisibisi, na hamrudishii mwenyewe. Ukimwambia, "Papa, sasa iko muzuri, nipe niende," anakutazama kama umemwomba akupe mtoto mwenye homa utoke naye mvuani. Itabaki. Itaimba mezani kwake leo, itaimba kesho, mpaka ugonjwa utoke wenyewe ujionyeshe. Na mwenye radio akiweza, akae naye. Kwa hiyo kila alasiri palikuwa na watu kwenye benchi lake, wameketi, wanasikiliza rumba kutoka Léopoldville, wanaomba Mungu muziki mtamu ule ukatike. Mtu mwingine angecheka. Mimi niliwauzia chakula, sikuwacheka.

Wakati mwingine rumba ilizidi utamu, vijana wakasimama, viuno vikaanza. Hapo alipandwa na hasira.

"Musicheze! Munatingisha meza! Ikikufa sasa nitajua namna gani kama ni ugonjwa wake ao ni matako yenu?"

Nikachekea ndani ya sufuria. Nilikuwa mtu wa kucheka sana wakati ule.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata katika joto lile la kabla ya mvua. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogondogo za moto, kwa sababu alipenda kugusa lampi zilizowaka kujua ipi ina joto la haki na ipi ina homa. Alinusa radio kabla ya kuitazama. Aligongagonga ndani yake kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe, taratibu, sehemu kwa sehemu, na sauti ikikatika alisema "Aaah" kama mtu aliyeguswa mgongoni mahali panapowasha. Mara nyingi ilikuwa ni mahali pa waya kuunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha, palipopasuka ufa ambao jicho halioni. Ikiwa baridi, inashika. Ikipata moto, inaachia.

Na alibadilisha kitu kimoja tu. Hilo nalo lilikuwa sheria. Anatoa lampi moja, anaweka nyingine, anawasha, anangoja. Kama si hiyo, anairudisha ya kwanza mahali pake, ndipo anajaribu ya pili. Wateja walitaabika. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyemwomba abadilishe zote kwa mara moja, yaishe. Fundi akamwambia: "Ukikunywa dawa tatu siku moja ukapona, utamushukuru nani?" Mwalimu akacheka, akakaa, akaagiza lituma.

Lakini kabla ya yote, maswali. Ilikufa namna gani? Polepole ao ghafla? Ililia kwanza? Ilikuwa saa gani? Na lile la mwisho, alilolipenda kuliko yote: nani alikuwa nyumbani? Aliuliza kama tunavyoulizana kwenye matanga, tukifika kwa wafiwa: alianza kuugua lini, alisema nini, nani alikuwa karibu. Watu walimjibu kwa heshima ileile, wameinamisha vichwa. Wengine walifanya kosa la kwetu kabisa. Kwa kuwa walikuwa wanaleta mgonjwa mbele za watu, waliipamba kwanza. Waliifuta, wakaipaka mafuta ya mawese mbao zing'ae. Mawese yakaingia ndani kwa matundu, mende wakafuata mawese. Siku ya kwanza niliyomwona Fundi akipiga kelele ilikuwa kwa mama mmoja aliyeleta radio inang'aa kama bibi harusi.

"Mama! Umeosha ugonjwa wote! Sasa mimi nitaona nini?"

"Papa, ningeileta chafu? Batu bangesema nini?"

Na kweli, watu wangesema. Mama yule alikuwa na haki, na Fundi alikuwa na haki, wakapigizana kelele mpaka wakachoka, nikawapa maji wote wawili.

Kisa chake kilichosimuliwa kuliko vyote ni cha karani wa posta. Radio ya nyumba ile ilikuwa inakufa kila Jumapili wageni wakikaa kula. Kwa Fundi iliimba siku nzima haina tatizo. Mama mkwe wa karani alikwisha kusema ni marehemu babu, hapendi muziki wakati wa chakula. Basi Jumapili moja Fundi alivaa koti, akaibeba radio kwenda nayo mwenyewe, akaniambia, "Mama, leo tufuate mugonjwa kwake," na mimi nikaenda naye kwa sababu nilialikwa kupika. Tulikaa. Chakula kikaletwa. Na kabla ya sala, mke wa karani akachukua kitambaa cheupe alichokitarizi kwa mkono wake, akaifunika radio yote, ipendeze mbele ya wageni. Nilimwona Fundi ameacha kutafuna. Alitazama kitambaa tu. Tulipofika nusu ya sahani, ikanyamaza.

"Ni babu," mama mkwe akasema.

"Babu muache apumuzike," Fundi akajibu. "Radio iko inasikia moto, na kuna lampi moja ndani iko na mguu mubaya. Ikifunikwa, mguu unaachia." Akaitoa lampi ile, akaweka nyingine, moja tu. Halafu akaomba kitambaa kirudishwe vilevile, kizuri, tuone. Tukala, tukanywa, tukaimba, ikaimba nasi mpaka tunaaga. Njiani alikuwa na furaha, anatembea haraka, mimi na sufuria kichwani namkimbilia. Sikumbuki jioni nyingine niliyotamani njia iwe ndefu namna ile.

Ajabu yake sasa. Mtu huyu asiyeiacha radio ya wengine iteseke, mlango wake mwenyewe ulikuwa umekwama miaka yote. Kila asubuhi aliuinua kwa bega huku akiutukana. Nilimwuliza kwa nini hautengenezi. Akasema, "Huu najua ugonjwa wake." Basi, imekwisha, akijua ugonjwa hana haja tena! Na chumba chake cha kulala hakikuwa na radio hata moja. Alisema anataka mahali ambapo kukiwa kimya, ni kimya tu, hakuna kilichokufa. Na yeye aliyeuliza kila nyumba nani alikuwepo na nani alisema nini, wewe ukimwuliza habari za mke wake aliyekufa, alichukua kijiti chake akaanza kukichonga upya.

Kuna siku moja ambayo ningepewa ruhusa kurudi, ningerudi hiyo, niache nyingine zote. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, wateja hakuna. Nilihamishia meza yangu ndani kwake. Kulikuwa na radio moja inaimba, inangojwa ife. Tulikaa wawili, tunaitazama. Akasema bila kugeuza kichwa:

"Mama Lituma. Wewe, hauharibikaka?"

Nilielewa. Mwanamke anaelewa. Alikuwa ananiuliza kama ninapofunga meza yangu na kuingia nyumbani ninacheka hivihivi. Na ukweli ni kwamba kila mangaribi, jua likizama, nikikaa mbele ya sahani yangu peke yangu, kooni panafunga, chakula hakipiti. Kila mangaribi! Ningesema hilo tu. Lakini mimi nina kichwa kigumu, na kucheka kulikuwa mdomoni tayari.

"Mimi?" nikasema. "Mimi niko radio mupya, Papa. Niko naimba tu."

Akatikisa kichwa polepole, akarudia kazi yake. Hakuuliza tena. Angeulizaje? Mtu yule hakugusa kitu ambacho hakijaonyesha ugonjwa, na mimi mbele yake sikuwahi kunyamaza.

Baada ya hapo masikio yake yalianza kuondoka. Mimi nilijua kabla ya wote. Nilikuwa napiga kelele, "Papa, chakula!" na hageuki. Zamani alikuwa akisikia ndege inageuza juu ya uwanja wa Simi-Simi kabla sisi hatujainua macho; sasa inapita juu ya mabati yetu na yeye anachonga tu. Nilianza kumletea sahani mpaka mkononi. Nikaona ameanza kuweka kiganja juu ya radio, mbao zikitetemeka chini ya vidole anajua inaimba. Wateja walidhani ni uganga mpya wa kazi, wakamsifu.

Halafu ikaja siku ya aibu. Benchi lilijaa. Radio ya muuza nguo mmoja ilikuwa inangojwa. Fundi alikuwa ameketi nao, mikono magotini, kiganja hakipo juu ya mbao, macho amefumba kama alivyozoea. Radio ikafa. Puu, kimya. Tukamtazama. Akaendelea kungoja. Alikuwa anatikisa mguu kidogo kwa muziki ambao haupo. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha wote. Kicheko hakukisikia, alihisi benchi linatetemeka, akafumbua macho, akaona meno yetu. Ninasema yetu, lakini mimi siku ile sikucheka. Niliinuka nikaweka mkono begani kwake, mara ya kwanza, nikamwambia sikioni: "Papa, imekufa."

"Najua," akasema.

Hakujua. Radio ilikuwa imekufa mbele yake, na yeye hakuwepo. Juma lile lile aliinua mlango wake kwa bega mara ya mwisho, akashuka bandarini na kapu la vyombo, akapanda boti ya kwenda Yanonge, kwa dada yake, kwenye samaki. Aliniaga kwa kunipa kile kijiti cha mwanzi. Nilicheka tena, mjinga mimi, nikamwambia nitakigeuza mwiko.

Nilikaa hivyo misimu na misimu. Chumba chake walikipanga watu wa baiskeli, wakatengeneza mlango siku ya kwanza. Mlango ule ukifunguka laini namna ile, mimi moyo ulikuwa unauma. Nilimkosa wakati wa kazi na wakati wa kupumzika. Nilimkosa hasa nikisikia radio ya jirani inakatika, kwa sababu hakuna aliyeuliza tena nani alikuwa nyumbani. Waliipiga kofi tu.

Mwisho nikanunua radio. Ya betri, ndogo, mpya. Nikaifunga ndani ya kitenge, nikaiweka kikapuni, nikateremka kwa mto. Boti ilipofika Yanonge wanawake walikuwa wanapanga samaki juu ya moshi, na yeye alikuwa ameketi mbele ya nyumba ya dada yake, anashona wavu, shati limefungwa mpaka shingoni. Aliniona. Hakushangaa, au hakuonyesha. Nikaiweka radio juu ya kigoda mbele yake.

"Iko mugonjwa?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyosema.

"Iko mugonjwa," nikasema.

"Nini?"

"MUGONJWA!"

Samaki wakaachwa kugeuzwa. Kijiji kizima kikatugeuzia macho. Akaiwasha, rumba ikatoka safi, akaweka kiganja juu yake. Kisha akaanza maswali yake.

"Inakufa saa gani?"

"Mangaribi!"

"Sema kwa nguvu, Mama."

"MANGARIBI! NIKIKAA KULA!"

"Polepole ao ghafla?"

"GHAFLA! KOONI!" Ilinitoka hivyo, kooni, na wanawake wale wakatazamana. Bon, nilikwisha kufika, ningerudi nyuma wapi?

"Nani anakuwaka nyumbani?"

Hapo sauti ilinikatika. Nilikuwa nimeficha neno hilo miaka yote nyuma ya kicheko, na sasa nilitakiwa kulipigia kelele mbele ya wavuvi, na watoto wao, na dada wa mtu. Machozi yakashuka. Sikuyafuta.

"HAKUNA MUTU!" nikasema. "NIKO PEKE YANGU, PAPA! KILA SIKU NIKO PEKE YANGU!"

Alinitazama usoni. Hakuitazama radio tena. Halafu akanivutia kiti kando yake, nikakaa, tukangoja. Dada yake alituletea samaki, tukala kwa sahani moja, na chakula kilipita. Mangaribi ikaingia juu ya mto, radio inaimba. Boti ikapiga honi. Nikanyoosha mkono nichukue radio yangu.

Akaizuia kwa kiganja. "Siwezi kukurudishia. Haijakufa mbele yangu."

"Papa, wewe unajua kama haiko mugonjwa."

Sijui kama alisikia au alisoma midomo. "Ikikufa," akasema, "nitatuma mutu."

Nikapanda boti mikono mitupu. Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko miaka yote iliyotangulia. Kila mwenye samaki aliyetoka upande wa Yanonge nilimtazama mdomo. Radio mpya ile, betri mpya, ingekufaje? Nilijilaumu kwa kununua kitu kizuri. Ningechukua ya mitumba.

Kisha asubuhi moja, msichana aliyekuwa akiuza samaki wa kapitene kutoka Yanonge akasimama mbele ya meza yangu, akatua beseni lake.

"Ni wewe Mama Lituma? Fundi anasema radio yako imekufa. Mbele yake kabisa. Anasema ukuje wewe mwenyewe, na vyombo."

Nikamwuliza, vyombo vya nini? Akasema hajui, ametumwa hivyo. Nikamwaga maji juu ya moto. Sufuria, mchi, sahani, kijiti cha mwanzi, vyote nikavitia kapuni.

Sasa yeye hayupo tena duniani, na mimi radio ikikatika popote nanyamaza kwanza, nangoja sauti yake iulize. Lakini siku ile alikuwepo. Kabla boti haijagusa mchanga wa Yanonge nilisikia rumba. Nikapanda ukingo na kapu kichwani, nikamkuta mbele ya nyumba, kiganja kimelala juu ya radio, na viti viwili.

"IMEKUFA?" nikauliza.

"Imekufa kabisa," akasema, na kiganja chake kilikuwa kinatetemeka kwa muziki.

Nikatua kapu langu, nikakaa.